Nyimbo Zetu Kutoka Ubaoni Hadi Kwenye Simu



Kamati ya jubilii iliniomba niandike historia fupi ya safari yetu ya miaka 50, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wachache waliosimama katika mstari wa besi tangu mwanzo na bado wanapanda jukwaani, hata kama siku hizi ni kwa kushikwa mkono. Majina ya viongozi, safari na michango yameorodheshwa kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hivyo sitayarudia. Nimechagua kuandika juu ya vyombo tulivyotumia kujifunza wimbo, kuuhifadhi na kuupeleka kwa watu, kuanzia ubao na chaki hadi simu ya mkononi.

Sababu ninayo. Kila wazee wa kwaya wanapokutana nje baada ya ibada, mazungumzo huishia kwenye "siku zetu". Siku zetu watu walijua kuimba. Siku zetu hakukuwa na simu za kuharibu mazoezi. Vijana hutusikiliza kwa heshima, kisha hurudi kwenye simu zao. Ningependa leo tujiulize ni kitu gani hasa tunachokikumbuka kwa uchungu namna hiyo, na ni kitu gani kinaweza kupotea kabisa kabla ya jubilii nyingine kufika.

Sauti nne zinafika mlimani

Watu wa Meru na Embu walikuwa waimbaji kabla ya kanisa lolote kujengwa hapa. Kulikuwa na nyimbo za kulima, za mavuno, za tohara na za kubembeleza watoto. Mmoja huanzisha, wengine huitikia. Hakuna aliyehitaji kitabu, kwa maana wimbo ulikaa kwa watu wenyewe.

Wamisheni walipokuja walileta uimbaji wa namna nyingine. Waanglikana wa CMS walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Mapadre wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911. Wamethodisti walianza kazi Kaaga mwaka 1912, na Waskoti wakafungua misheni ya Chogoria mwaka 1922 chini ya Daktari Irvine. Kila mahali walipopiga kambi kulikuwa na shule, dawa na nyimbo. Tuni zilitoka Uingereza, Uskoti na Italia, na maneno yakawekwa kwa Kimeru, Kikuyu au Kiswahili. Agano Jipya la Kimeru lilitoka mwaka 1952 na Biblia nzima mwaka 1964, huku majirani zetu wa Embu wakisoma Biblia ya Kikuyu na ya Kiswahili.

Tuni hizo zilikuwa na shida moja ambayo wazee wetu waliijua kwa masikio, hata kama hawakuisomea. Kimeru na Kiembu ni lugha za toni. Sauti ikipanda mahali ilipopaswa kushuka, neno linaweza kugeuka maana. Tuni ya kigeni haijui hilo. Inapanda inapotaka yenyewe. Ndiyo maana baadhi ya nyimbo za vitabuni zilituchekesha tukiwa watoto, na ndiyo maana walimu wa kwaya wa hapa nyumbani walipoanza kutunga wenyewe, tuni zao zilifuata jinsi watu wanavyozungumza. Wimbo wa aina hiyo uliingia moyoni upesi kuliko ule wa kitabu.

Ngoma nazo zilibaki nje ya mlango kwa miaka mingi, kwa sababu zilihusishwa na sherehe za kimila. Ndugu zetu Wakatoliki walianza kuzirudisha baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965. Kanisa la Methodist nchini lilipata kujitawala mwaka 1967. Kwa hivyo kwaya yetu ilipoanza katikati ya miaka ya 70, ilizaliwa wakati mzuri. Tulikuwa na kitabu cha nyimbo cha wazee mkono mmoja, na ruhusa ya kutunga zetu mkono wa pili.

Ubao, chaki na solfa

Chombo chetu cha kwanza kilikuwa ubao. Tuliazima darasa la shule ya msingi iliyo karibu na kanisa, tukawasha taa ya karabai, na mwalimu wetu akaandika wimbo wote kwa solfa. Vijana wengi wanaosoma hapa hawajawahi kuiona, kwa hivyo nitaieleza kidogo.

Solfa tuliyojifunza ilienezwa na mchungaji Mwingereza aitwaye John Curwen, aliyeishi kati ya 1816 na 1880. Alijenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover. Walitaka watu wa kawaida, wasio na piano wala pesa za kulipia masomo ya muziki, waweze kusoma wimbo. Badala ya nukta juu ya mistari mitano, unaandika herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mstari wa wima huonyesha pigo zito linapoanza. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja hugawa pigo mara mbili. Kistari husema shikilia, usiachie. Ukiona | d : m | s : – | unajua una mapigo manne: doh, mi, kisha soh unayoishikilia hadi pigo la mwisho. Juu kabisa panaandikwa "Doh ni F" au "Doh ni G", mwalimu anagonga uma wa sauti kwenye goti, anatoa doh, na kila mtu anapata mahali pake.

Tazameni ubora wa chombo hicho. Kinahitaji chaki tu, na kikiandikwa daftarini kinahitaji kalamu tu. Mashine ya kupiga chapa ya kawaida inaweza kukiandika, na mashine ya stensili ikatoa nakala za kanisa zima. Ndiyo maana kilienea Afrika nzima kupitia shule na misheni. Walimu wetu walikipata katika vyuo vya ualimu, nasi tukakipata kwao. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927, lilikisukuma mbele zaidi, kwa sababu shule na kwaya zilizotaka kushindana zilipaswa kujifunza nyimbo zilizopangwa kwa sauti nne.

Hata wimbo wetu wa taifa una historia ya namna hiyo. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua tuni ya mama wa Kipokomo anayembembeleza mtoto kule Tana na kuipanga iwe wimbo wa nchi. Kazi kama hiyo, kwa kiasi kidogo, ndiyo walimu wetu wa kwaya walikuwa wakiifanya vijijini. Walichukua tuni ya nyumbani wakaivalisha sauti nne.

Kitabu kimoja cha nyimbo tulikitumia watu wanne. Daftari la solfa kila mmoja alijinakilia kwa mkono, na aliyekosa Jumamosi alilazimika kwenda kwa mwenzake kulinakili. Nakumbuka mama mmoja wa sauti ya pili aliyetembea kutoka ng'ambo ya mto siku ya mvua ili anakili mistari minane tu. Alikaribishwa chai, akaimbishwa mistari hiyo mpaka ikamkaa, ndipo akarudi kwake.

Kahawa, betri na redio

Chombo cha pili kilikuja kwa msaada wa kahawa. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kufika kilele mwaka 1977. Sisi wa Meru na Embu, wenye mashamba ya ekari moja moja juu ya miinamo, tuliona pesa ambazo wazazi wetu hawakuwahi kuziota. Watu waliezeka mabati, wakalipa karo, wakanunua redio. Katika kanisa letu pesa hizo zilishona sare ya kwanza ya kwaya.

Redio ilikula betri, na betri zilikuwa ghali. Zikichoka tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo za kusikilizia taarifa ya habari na kipindi cha nyimbo za dini. Umeme wenyewe ulizalishwa karibu nasi. Mabwawa ya mto Tana kule Mbeere, Kindaruma ya 1968, Kamburu ya 1974 na Gitaru ya 1978, na baadaye Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988, yalituma umeme kwenda Nairobi kwa nyaya zilizopita juu ya vichwa vya watu wa Embu, huku watu hao wakifanya mazoezi ya kwaya kwa mafuta ya taa. Kijana anayechaji simu leo akiwa amekaa kitandani aikumbuke hali hiyo kabla ya kuamini kwamba siku zetu zote zilikuwa tamu.

Hadi katikati ya miaka ya 90 nchi nzima ilisikiliza shirika moja tu la utangazaji, Sauti ya Kenya, ambalo baadaye liliitwa KBC. Kwaya kusikika redioni lilikuwa jambo la kijiji kizima. Watu walihama mashambani wakasongamana kwenye nyumba moja yenye redio nzuri. Wimbo ukatoka mara moja, dakika tatu, ukaisha. Hakuna aliyeweza kuurudia. Uliusikia au ulikosa.

Kaseti na barabara ya Embu

Kaseti, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilitufikia kwa wingi miaka ya 80. Hapo ndipo wimbo ulipoanza kurudiwa. Ulibonyeza, ukasikia sauti yako, ukarudisha utepe, ukasikia tena. Utepe ukikwama ulizungushwa kwa kalamu ya biro. Wengi wetu tulishangaa mara ya kwanza tulipojisikia. Besi tuliyodhani inanguruma kama Nithi wakati wa mvua ilikuwa nyembamba sana, na mmoja wetu aliyejiona nguzo ya sauti ya tatu aligundua kwamba siku zote alikuwa akipanda nusu toni. Tulijisahihisha.

Kaseti pia ilituunganisha na Embu. Zamani kwaya ya huko ikitaka kutualika iliandika barua kwa sanduku la posta, nasi tukajibu kwa barua, na mambo yote ya siku moja yakachukua miezi miwili. Kisha tukapanda lori. Kabla ya lami kufika, safari ya kutoka Meru kwenda Embu ilivuka Mutonga, Nithi na Thuci na mito mingine mingi katikati, ikishuka bonde na kupanda bonde, na mvua ikinyesha wanaume walishuka kusukuma wakiwa na viatu mkononi. Tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi au kwa tope. Tuliimba njia nzima, na nadhani sauti zetu zililingana zaidi ndani ya lori lile kuliko katika darasa lolote. Kaseti zilipozoeleka, wenzetu wa Embu walitutumia wimbo wao kwa mkono wa dereva wa matatu, tukaujifunza kabla ya kuonana nao.

Lakini kaseti ilibadilisha jambo ambalo hatukulitambua upesi. Mtu alianza kujifunza kwa kuiga anachosikia badala ya kusoma kilichoandikwa. Ilikuwa rahisi na ya haraka. Wakati huohuo, muziki ambao katika mfumo wa 8-4-4 ulitahiniwa shule ya msingi uliondolewa baadaye katika mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa halipewi muda. Solfa ikaanza kufa polepole. Hakuna aliyeipiga marufuku. Haikuhitajika tu.

Pesa nazo zilipungua. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya mauzo ya kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Miaka iliyofuata wako waliong'oa mikahawa wakapanda mahindi au wakageukia miraa na maziwa. Kwaya nyingi zilizokuwa zimeweka akiba ya kurekodi ziliacha. Kwa sababu hiyo nyimbo kadhaa zilizotungwa hapa kwetu hazikuwahi kuingia kwenye kaseti yoyote. Ziliimbwa, zikapendwa, zikabaki katika madaftari.

Kinanda, spika na stesheni za FM

Miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 ilileta kinanda cha umeme, gitaa la besi, spika kubwa na jenereta iliyonguruma nyuma ya kanisa. Kisha zikaja CD, na video ambamo kila kwaya ilisimama kwenye bustani yenye maua na kucheza hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto. Tulicheka sisi wazee, lakini tulizinunua.

Faida yake ilikuwa wazi. Mtoto mwenye sauti ndogo aliweza kusikika hadi barabarani. Vijana waliokuwa wakikimbia kwaya kwa kuiona ya wazee walirudi kwa sababu ya gitaa. Hasara haikuwa wazi mara moja. Spika ikiwa juu, hakuna anayehitaji kumsikiliza jirani yake. Zamani mtu wa besi aliishi kwa kusikia sauti ya tatu begani pake. Alipunguza au akaongeza kwa kumsikia mwenzake. Sasa mtu wa mashine ndiye anayetupima, kwa kidole.

Redio nazo ziliongezeka. Muuga FM ilikuja kwa Wameru na Wimwaro FM kwa Waembu, na inapendeza kwamba majina yote mawili ni maamkizi. Lugha zetu, ambazo zamani zilipata nafasi ndogo sana hewani, zikawa hewani kutwa nzima, na nyimbo za kwaya pamoja nazo.

Simu

Simu za mkononi zilianza kuenea mwaka 2000, na M-Pesa ilipoanza Machi 2007 hata mchango wa kwaya ulibadilika. Harambee iliyohitaji kadi, barua na siku nzima ya kuketi chini ya turubai sasa hukamilika kwa ujumbe mmoja wa mweka hazina. Mwanakwaya aliye Nairobi, Mombasa au Marekani huchanga jioni hiyohiyo. Kuna watoto wetu walioko mbali ambao hawajakosa hata mchango mmoja wa kwaya kwa miaka, ingawa hatujawaona.

Kikundi cha WhatsApp nacho kimechukua kazi ya ubao. Mwalimu wa kwaya hurekodi kila sauti peke yake na kuituma Jumatano. Msichana wa sauti ya kwanza anajifunza akikamua ng'ombe, kijana wa besi akiwa juu ya bodaboda akingoja abiria. Jumamosi wanakuja wakiwa tayari. Wimbo uliotuchukua sisi mwezi mzima wao huukamilisha kwa mazoezi mawili. Huo ni ukweli, na mzee anayeukana anajidanganya. Maneno ya wimbo sasa yako ukutani kwa projekta, kwa hivyo hata mgeni anaimba tangu ubeti wa kwanza.

Kisha ukaja mwaka 2020. Machi ibada zilisimamishwa kwa ajili ya korona. Julai ziliporuhusiwa tena, masharti yalisema watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye chini ya miaka 13 na walio zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Someni hesabu hiyo ya mwisho tena. Karibu waanzilishi wote wa kwaya hii walikuwa wamepita 58. Kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza, kwaya iliimba bila hata mmoja wetu, nasi tukakaa sebuleni tukiwatazama wajukuu wetu kwenye kioo cha simu.

Walioshika simu hizo walikuwa vijana. Mmoja aliiegemeza kwenye nguzo ya kanisa ili tuone, mwingine alitutumia vifurushi vya intaneti, mwingine alipita nyumba kwa nyumba akituonyesha mahali pa kubonyeza huku amesimama mlangoni na barakoa. Baadhi ya wenzetu waliimba nasi kwa mara ya mwisho kwa njia hiyo. Tangu wakati huo nimekuwa mwangalifu kusema kwamba simu imeua kwaya. Mwaka ule ilitushikilia pamoja.

Tunachokikosa hasa

Basi "siku zetu" ni nini? Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na jibu langu ni hili. Sehemu yake ni ujana tu. Tunatamani magoti yaliyoweza kusukuma lori na kifua kilichoweza kushikilia kistari cha mapigo sita. Hilo hakuna chombo kilichotunyang'anya, na hakuna kitakacholirudisha.

Sehemu ya pili ni ya kweli zaidi. Vyombo vyetu vya zamani vilikuwa haba, na uhaba ulitulazimisha kuhitajiana. Kitabu kimoja kilikuwa na watu wanne, kwa hivyo vichwa vinne viliinama pamoja. Daftari lilinakiliwa, kwa hivyo mtu alitembelewa. Redio ilikuwa moja, kwa hivyo nyumba ilijaa. Hatukuwa wema kuliko vijana wa leo. Hatukuwa na njia nyingine. Leo njia nyingine ipo, na ushirika ambao kwetu ulikuja wenyewe sasa lazima uchaguliwe kwa makusudi. Kijana anayejua sauti yake tangu Jumatano na bado anakuja Jumamosi saa nane kamili anafanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Mimi nilikuja kwa sababu ubao ulikuwa kule.

Kinachoweza kupotea

Iko sehemu ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Nyimbo zenyewe.

Kaseti hazidumu. Utepe una tabaka jembamba la sumaku ambalo hubanduka, hushikana na kuota ukungu, hasa katika nyumba zenye baridi na unyevu kama zetu chini ya mlima. Mashine za kuzicheza zimekuwa adimu. CD nazo zinakwaruzika, na kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuziingiza. Vijana wasituhurumie sana, kwa kuwa hali yao si bora. Waulizeni video walizopiga mwaka 2015 ziko wapi. Simu iliibiwa, simu ilianguka majini, nafasi ilijaa zikafutwa. Kila chombo kipya kimehifadhi vingi zaidi, na kwa muda mfupi zaidi.

Kilichodumu ni daftari. Ninayo mawili, na najua wenzangu watano walio na yao, na familia za waliotangulia mbele za haki huenda zinayo zaidi ndani ya masanduku. Ndani yake mna nyimbo zilizotungwa na walimu wetu kwa Kimeru na kwa Kiswahili, sauti zote nne, ambazo hazimo katika kitabu chochote cha kanisa wala kaseti yoyote. Karatasi imekuwa ya manjano lakini inasomeka. Haihitaji betri wala kifurushi. Inahitaji kitu kimoja tu, mtu anayejua kusoma solfa. Nilipohesabu katika kwaya ya leo, tulikuwa wanne, na mdogo wetu ana miaka 61.

Kwa hivyo wazee wana wimbo na hawana chombo, vijana wana chombo na hawana wimbo. Zaburi ya 78 inazungumzia mambo tuliyoyasikia kwa baba zetu, na wajibu wa kutowaficha watoto wao. Sidhani kama mzee anaficha kwa kukusudia tu. Daftari likikaa sandukuni mpaka mwenye nalo azikwe, limefichwa.

Naomba, kwa unyenyekevu, jubilii hii ituachie kazi na si keki peke yake. Kwanza, kila mwenye daftari au kaseti ya zamani ailete kwa katibu wa kwaya, na familia za waliolala zifungue masanduku. Hakuna kitakachochukuliwa. Kila kitu kitapigwa picha na kurudishwa. Pili, kila Jumamosi, nusu saa kabla ya mazoezi, mzee mmoja aketi na vijana wawili. Mzee aimbe wimbo mmoja wa daftarini, sauti moja baada ya nyingine, aseme uliandikwa lini na kwa tukio gani, na vijana warekodi kwa simu. Nakala moja ikae kwa ofisi ya kanisa, nyingine kwa kwaya, nyingine kwa ndugu zetu walioko mbali, ili simu moja ikianguka mtoni wimbo usizame nayo. Tatu, katika nusu saa hiyohiyo, vijana hao wafundishwe solfa. Ni herufi saba na alama chache. Sisi tulijifunza kwa taa ya karabai tukiwa tumetoka shambani. Wao wanaweza.

Ubao wa zamani bado uko stoo ya kanisa, nyuma ya viti vya plastiki. Nimeuangalia wiki iliyopita. Umepauka lakini unaandikika. Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe nitakuwa hapo saa saba unusu na chaki yangu, na wimbo wa kwanza utakuwa kwa doh ni F. Atakayekuja aje na simu yenye chaji.

Mungu aibariki kwaya yetu, na awape pumziko wote walioimba pamoja nasi na hawapo leo.